Walitazama Bonde, Maji Yakatoka Mlimani: Kisa cha Nyumba Moja Wakiso

Kisa hiki ni cha wanachama wetu wawili, mume na mke, walionunua nyumba katika kitongoji kimoja cha wilaya ya Wakiso, kaskazini mwa Kampala. Wenyewe wameridhia kiandikwe. Majina nimeyabadilisha, kijiji sikitaji, na kiasi cha fedha nimekisogeza kidogo bila kuvuruga hesabu. Mimi ni ofisa mikopo wa chama chao cha akiba na mikopo, na ndiye niliyeikagua nyumba hiyo kabla ya chama kutoa fedha. Kwa hiyo baadhi ya makosa utakayosoma hapa ni yangu.

Familia na walikotoka

Baba Zaituni ni dereva wa lori. Hupakia Mombasa, huvuka Malaba, hushusha Kampala au huendelea hadi Juba. Kwao ni Arua, lakini alikulia kambini kwa kuwa baba yake alikuwa askari, na Kiswahili ndicho alichoanza kukisema. Mama Zaituni ni mtu wa Busia, anauza vitenge katika soko la Owino, Kampala. Wana watoto watatu.

Kwa miaka tisa walipanga vyumba viwili Bwaise, mtaa wa Kampala. Anayeijua Bwaise hahitaji maelezo. Ni bonde, maji ya vilima vya jirani hukusanyika pale kabla ya kuelekea kinamasi cha Lubigi, na mtaro mkuu ukijaa, maji hupanda taratibu hadi kizingitini. Watu hujenga vijikuta vya matofali milangoni ili kuyazuia. Mama Zaituni alijifungua mtoto wa pili katika wiki ambayo walilala na maji chini ya kitanda. Tangu hapo walikuwa na neno moja: wakinunua nyumba, iwe mbali na mafunjo.

Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo lililoongoza kila walichofanya baadaye. Bwaise iliwafundisha kwamba mafuriko hutoka chini na hupanda polepole, na kwamba ukiwa mbali na kinamasi umepona. Somo hilo lilikuwa la kweli kwa Bwaise.

Mwanzoni mwa 2023 walikuwa na shilingi milioni 105, sehemu yake ikiwa ni bei ya shamba lililouzwa Arua. Chama kiliwakubalia mkopo wa milioni 40. Juu ya milioni 145 hawakuweza kwenda.

Nyumba mbili

Dalali aliwaonyesha nyumba nyingi, zikabaki mbili.

Ya kwanza, nitakayoiita nyumba ya lami, ilikuwa sehemu ya chini ya mteremko lakini si bondeni. Vyumba vitatu, ukuta pande zote, kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani desimali 11 na nusu hivi (desimali 100 ni ekari moja). Ilikuwa na hati, kyapa kama wanavyosema hapa. Mbele yake ilipita barabara iliyowekwa lami mwaka uliotangulia, na hadi steji ya takisi ni mwendo wa dakika sita. Bei milioni 138.

Ya pili ilikuwa juu, karibu na kilele. Kiwanja kikubwa zaidi, upepo mzuri, bei milioni 143 baada ya kuvutana. Ila kilikuwa kibanja, yaani haki ya kukaa bila hati, juu ya ardhi ya mailo (ardhi ya mtu binafsi yenye hati) ya mtu mwingine, na kutoka steji ni kilomita mbili na nusu za barabara ya udongo mwekundu. Bodaboda ilikuwa shilingi 2,000 kwa safari.

Kibanja si kitu cha kudharau. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua na kumlinda mwenye kibanja. Hata hivyo anapotaka kuuza, sharti ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na mnunuzi mpya anahitaji kukubaliwa naye. Huyu mwenye mailo alikuwa amefariki na warithi walikuwa hawajaelewana. Baba Zaituni alisema hawezi kuweka jasho la miaka tisa mahali ambapo hajui atazungumza na nani.

Ukaguzi wa Februari

Mengi yalifanywa sawasawa. Tulipekua hati katika ofisi ya ardhi, ikawa safi, haina dhamana ya benki wala zuio la mahakama. Mpimaji ardhi alikuja akafukua mawe ya mipaka, yote manne yakapatikana. Mwenyekiti wa kijiji na majirani wa pande zote walishuhudia.

Kisha ukaja uchunguzi wa kinamasi, na hapo Baba Zaituni hakutaka mzaha. Katiba, ibara ya 237, inaweka vinamasi mikononi mwa serikali kama amana ya wananchi wote, na mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba hati zilizotolewa ndani ya vinamasi baada ya 1995 zifutwe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karatasi mkononi na bado akabomolewa. Tulikwenda kwa ofisa mazingira wa wilaya, akathibitisha kuwa kiwanja kiko nje. Mpimaji akapima: mita 180 kutoka ukingo wa mafunjo, na sakafu iko karibu mita nne juu yake. Mama Zaituni alishusha pumzi. Mimi pia.

Sasa niseme tulichokiona tusikisome.

Nyumba ilikuwa na mpangaji. Sebuleni, friji yake ilisimama juu ya matofali ya zege, mawili mawili kila upande, na miguu ya kochi ilikuwa imekalishwa juu ya vipande vya mbao vilivyokatwa kwa kipimo kimoja. Mama Zaituni akauliza, "Mbona friji iko juu hivi, dada?" Yule mwanamke alimtazama dalali kwanza, ndipo akajibu, "Mchwa, mama. Hapa kuna mchwa wengi."

Mchwa hali friji. Nilikuwa nimesimama pale na karatasi yangu ya ukaguzi, nikaandika: "Sakafu imara, haina nyufa."

Kulikuwa na mengine. Ukuta wa jikoni, upande wa mlimani, ulipakwa rangi mpya hadi usawa wa kiuno tu, na juu yake ilibaki ile ya zamani. Nyuma ya mlango wa stoo plasta ilikuwa na ungaunga mweupe wa chumvi. Na lango: kutoka barabarani uliteremka kuingia uani. Lami ilipowekwa, barabara iliinuliwa, ua ukabaki chini yake kwa karibu sentimita 40. Nililiona teremko lile nikaliona zuri, gari linaingia bila shida.

Uamuzi na sababu zake

Walichukua nyumba ya lami, na sababu zao zilikuwa nzito. Baba Zaituni hukaa safarini hadi wiki tatu. Mama Zaituni hufunga duka jioni na kufika nyumbani usiku akiwa na mzigo, wakati mwingine na fedha za mauzo. Kilomita mbili na nusu za giza juu ya bodaboda si jambo la kupuuza kwa mwanamke aliye peke yake. Hati ilikuwepo. Shule ilikuwa karibu. Na hofu yao kubwa, kinamasi, ilikuwa imepimwa ikaonekana iko mbali.

Hakuna aliyeuliza mvua ikinyesha mlimani, juu ya nyumba hii, maji yake hupita wapi. Tuliuliza tu kama kinamasi kinafika. Tulidhani ni swali moja.

Mkataba ulitiwa sahihi mwishoni mwa Februari, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa kila mahali na mitaro imekauka. Uliandikwa kwamba mnunuzi ameikagua nyumba na kuridhika nayo.

Usiku wa Aprili

Msimu wa Machi hadi Mei ulianza taratibu. Aprili, usiku wa Jumanne, Baba Zaituni akiwa Elegu akingoja kuvuka mpaka, mvua ilianza saa nane. Mama Zaituni anasimulia kwamba hakuamshwa na maji bali na kishindo. Sehemu ya ukuta wa nyuma, kama mita tatu, ilikuwa imelala. Maji yalikuwa yamejaa upande wa pili hadi ukuta ukashindwa, kisha yakaingia kwa mlango wa jikoni yote kwa pamoja, mekundu, yakibeba majani ya migomba na ndara za watoto wa jirani.

Yaliifuata nyumba hadi mlango wa mbele, yakatoka uani, yakakuta lami. Hayakuweza kupanda. Ua ukawa beseni. Mtaro wa barabara ulipita chini ya lango la jirani kwa kalvati ya sentimita 45, nayo ilikuwa imezibwa na udongo na kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Ndani maji yalisimama sentimita 28. Marobota ya vitenge yaliyokuwa stoo, mzigo wa sikukuu, yalilowa na kuchujuka rangi.

Asubuhi nilifika. Nilishuka hadi bondeni nikiwa na viatu vya kazi. Ukingo wa mafunjo ulikuwa pale pale tulipoupima. Kinamasi hakikuwa kimepanda hata hatua moja.

Nilirudi hadi steji nikanywa chai kwa muuza rolex, zile chapati za kukunja na mayai. Nikamweleza kilichotokea. Akasema bila kuacha kukunja chapati, "Nyumba ile? Kila mwaka, tangu walipojenga kule juu. Wapangaji hawamalizi mvua mbili." Kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu akaongeza kwamba mvua ikinyesha wao hawapiti barabara ile. Dakika mbili, kikombe kimoja cha chai. Mwezi wa pili nilikuwa nimepita mbele ya kibanda kile mara nne.

Kilichokuwa kimetokea mlimani

Juu ya nyumba ile zamani palikuwa na shamba la migomba na kahawa. Miaka mitatu hivi kabla ya mauzo lilikatwa viwanja, zikajengwa nyumba 14, nyingi zikiwa na ua uliosakafiwa na ukuta imara. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita 10 kwa 12 ni lita 6,000. Kwenye ekari nzima ni zaidi ya lita 200,000, sawa na malori 20 ya maji ya lita elfu kumi kila moja. Shamba la migomba lenye matandazo hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na yanayobaki huyaachia polepole. Bati na zege haviyanywi, huyatuma chini yote, upesi.

Tena kuta huyakusanya. Kila mwenye ua huelekeza maji nje ya ukuta wake, nayo hufuata kichochoro kati ya kuta mbili. Kichochoro kile kiliishia nyuma ya jiko la Mama Zaituni. Kiwanja cha mwisho kabla ya barabara iliyoinuliwa ndicho hupokea mzigo wa wote, na hilo haliandikwi kwenye hati wala halionekani kwenye ramani ya vinamasi.

Walichofanya baada ya maji

Ushauri wa kwanza waliopewa, tena na watu wanaowapenda, ulikuwa wauze kabla ya msimu wa Septemba. Dalali alileta mnunuzi wa milioni 120. Sharti lilikuwa nyumba ipakwe rangi na jambo lile lisitajwe. Baba Zaituni aliyumba. Mkewe akamwambia mbele yangu, "Baba Zaituni, yule dada wa friji nimemlaani mwezi mzima. Sasa unataka na mimi nikasimame pale niseme mchwa?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliita kikao. Majirani wa chini walikubali upesi kuchangia kalvati mpya, maana na wao walikuwa wakilowa. Wa juu walisema maji ni ya Mungu. Ilichukua vikao vitatu na mwenyekiti kuwapeleka wakasimame wenyewe nyuma ya lile jiko ndipo wawili kati yao wakakubali kujenga matangi ya kukinga maji ya paa. Wengine hawajafanya lolote hadi leo.

Fundi alichimba mtaro wa kukinga maji nyuma ya ukuta, upana sentimita 80, ukajengewa mawe, ukazunguka upande mmoja hadi barabarani. Ukuta ulijengwa upya ukiwa na matundu chini, ili maji yasijikusanye tena yakausukuma. Kizingiti cha jikoni kiliinuliwa. Kuinua sakafu yote walikataa: dari ingekuwa chini mno, na milango yote sita ingebidi ikatwe.

Fedha zilikwenda hivi. Hasara ya usiku ule, pamoja na vitenge, samani na ukuta, ilikuwa milioni 10.4. Mtaro ulikula milioni 5.8, mchango wao wa kalvati milioni 1.8, na vizingiti milioni 1.1. Chama kiliwaahirishia marejesho kwa miezi mitatu.

Hali ilivyo

Msimu wa Septemba hadi Novemba 2023 maji yalipita mtaroni. Mwaka uliofuata yaliingia stoo mara moja, kwa sababu kaveera ilirudi kwenye kalvati na hakuna aliyekuwa na zamu ya kuisafisha. Sasa kuna zamu. Juni 2024 mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba ndani ya kinamasi cha Lubigi, na Baba Zaituni alinipigia simu kutoka njiani kusema kwamba angalau lile tulilipima vizuri. Machi 2025, katika mvua ile iliyoua watu Kampala, maji yalifika ngazi ya jikoni yakasimama hapo.

Uchambuzi

Upekuzi wa hati, mawe ya mipaka na ofisa mazingira: hayo ningeyarudia yote kesho. Yaliwaokoa na hatari ya kisheria ambayo wengine imewafilisi. Kosa letu lilikuwa kuyafanya majibu ya hatari moja yatosheleze hatari nyingine. Kuwa nje ya kinamasi ni suala la mipaka. Kuwa nje ya njia ya maji ni suala la mteremko, na mteremko huukagui kwa kutazama chini tu. Ungetosha mwendo wa dakika kumi kupanda nyuma ya nyumba hadi kileleni, ukiuliza katika kila kona maji ya hapa yanaelekea wapi.

Niliwahi kujiuliza kama walipaswa kuchukua nyumba ya juu. Hesabu haisemi hivyo moja kwa moja. Nyumba ya lami imewagharimu milioni 157.1 hadi sasa. Ya juu ilikuwa 143, ongeza bodaboda ya mtu mmoja kwenda na kurudi siku 26 za mwezi, ambayo ni kama milioni 1.25 kwa mwaka. Kwa miaka kumi unafika milioni 155.5, bila kutaja warithi wa mailo na usiku wa njiani. Zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba gharama ya bodaboda huja kidogo kidogo na mtu huijua mapema. Ile ya maji ilikuja kwa usiku mmoja, juu ya familia yenye mkopo mpya na bila akiba.

Kwa maoni yangu kuchagua nyumba ya lami hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuilipia milioni 138. Kama tungeisoma ile friji, wangefika kwa muuzaji na makadirio ya fundi mkononi na kudai kazi zile za milioni 8.7 zitolewe kwenye bei. Mtaro ungechimbwa Machi kabla ya mvua, vitenge visingelowa. Na kama muuzaji angekataa kusikia habari za maji, hilo nalo lingekuwa jibu.

Kuhusu yule mpangaji, simlaumu kama Mama Zaituni alivyomlaumu mwanzo. Alikuwa ndani ya nyumba ya mtu, dalali amemkodolea macho. Nilipaswa kurudi peke yangu jioni, au kuwauliza watoto waliokuwa wakicheza nje, au kumwona muuza rolex ambaye hana cha kupoteza. Siku hizi sikagui nyumba ya mwanachama kiangazi bila kurudi baada ya mvua ya kwanza kubwa, hata kama muuzaji ana haraka. Mara mbili muuzaji amekataa kungoja na mwanachama amenikasirikia.

Mwezi uliopita Mama Zaituni aliniita nikaone kitu. Juu ya kichochoro, kiwanja cha desimali 60 kilichokuwa bado na miembe kimesafishwa kwa tingatinga, yatajengwa maghorofa ya kupangisha. Mwenyewe alikuwapo, mzee mpole wa makamo. Mama Zaituni alimwamkia, akamweleza, kisha akachukua kijiti akachora chini: hapa paa lako, hapa ukuta wako, hapa jiko langu. Mzee akachuchumaa. Akauliza kalvati yetu ni ya sentimita ngapi. Kikao na mwenyekiti ni Jumamosi, naye ameahidi kuja na mhandisi wake.